Ukishatoka kwenye kifusi: mwongozo kamili wa kulinda afya yako miezi na miaka baada ya maafa

Kikohozi changu kilianza wiki ya 3 baada ya kutoka kwenye jengo lililoporomoka, nilikuwa nimejitolea pale siku 4 kubeba zege na kushika machela, na kwa kuwa sikuumia popote nikajiona mzima kabisa. Nikafikiri ni mafua. Mwezi ukapita, nikawa siwezi kupanda ngazi bila kusimama katikati, usiku kiungulia kinanipanda mpaka kooni, ndio nikaenda kwa daktari. Akaniuliza mambo manne tu: ulikuwa wapi, ulikaa saa ngapi, ulivuta nini, ulivaa nini. Nikajibu la kwanza, hayo matatu nikabaki nakisia. Siku nne zile zilishachanganyika kichwani zikawa kitu kimoja, sikumbuki hata maski niliivaa siku ipi na siku ipi niliivua kwa ajili ya joto.

Ndio maana naandika huu mwongozo. Uwe ulikuwa muokoaji, zimamoto, nesi, dereva, mwandishi wa habari, ulibeba maiti, ulifagia baada ya tukio au wewe ndio uliyetolewa ndani, kuna kitu kimoja naomba ukishike kuliko vingine vyote: madhara ya maafa yanakuja taratibu, mengine wiki, mengine miaka 30, na yakifika ushahidi wa ulichokutana nacho unakuwa umeshapotea. Ushahidi uko leo, kwenye nguo zako, kwenye simu yako na kwenye mapafu yako ambayo bado hayajapimwa.

Kwanini nasisitiza hivi: angalia yaliyotokea New York

Tarehe 11 Septemba 2001 yale majengo mawili marefu yaliyogongwa na ndege yalipoanguka, zimamoto 343 wa mji ule walikufa siku ileile. Lile wingu la vumbi halikuwa vumbi la kawaida, lilikuwa saruji iliyosagika, nyuzi za vioo, asbestosi (nyuzi za madini zilizokuwa zikitumika kwenye ujenzi), madini ya risasi na masizi ya vitu vilivyoungua, na ile saruji ina ukali kama wa magadi, inachoma koo na njia ya hewa. Siku 7 baadaye mkuu wa mamlaka ya mazingira ya Marekani akatangaza hewa ni salama kuvuta. Watu wakaendelea kuchimba kwa miezi, wengi bila maski ya maana.

Leo idadi ya zimamoto wa idara ileile waliokufa kwa magonjwa yanayohusishwa na kifusi kile imeshapita 343. Yaani yale magonjwa yameua wengi kuliko siku yenyewe.

Sasa sikiliza hapa, manake ndio pa muhimu. Tunajua vizuri kilichotokea kwenye mapafu yao kwa sababu moja tu, idara ile ilikuwa na utaratibu wa kuwapima zimamoto wake nguvu ya mapafu toka miaka ya nyuma. Baada ya tukio wakapimwa tena, namba zikalinganishwa, ikaonekana mwaka wa kwanza peke yake walipoteza kwa wastani kama mililita 372 za pumzi inayotoka kwenye sekunde ya kwanza ya kupuliza, kiasi ambacho kawaida mtu anakipoteza kwa kuzeeka miaka 12. Na wengi haikurudi. Bila zile namba za nyuma wangeambiwa ni umri, ni sigara, ni uzito. Wewe na mimi hatuna idara iliyotupima kabla, kwa hiyo inabidi tujitengenezee wenyewe.

Hatua ya 1: Andika, leo hii kabla hujalala

Usisubiri utulie. Chukua daftari au simu, hata kama mkono unatetemeka andika vibaya hivyohivyo. Mambo ya kuandika ni haya: tarehe na saa ulizoingia na kutoka, sehemu hasa uliyosimama, ulichokuwa unafanya kwa mikono yako, hali ya hewa ilikuwaje, moshi wa rangi gani, harufu gani, ulivaa nini na ulikivua saa ngapi, ulijisikiaje palepale, na majina ya watu wawili au watatu waliokuona.

Mfano wa ukurasa ulioandikwa vizuri: "Jumanne, saa 1 asubuhi mpaka saa 11 jioni. Upande wa nyuma, karibu na ngazi zilizolala. Nimekata nondo na kubeba zege, watu wanakata kwa mashine ya diski bila maji, vumbi jeupe mpaka simuoni mwenzangu. Maski ya kitambaa, nimeivua saa 5, nimekaa bila kitu mpaka jioni. Karatasi za bati za zamani zenye nyuzi zimevunjwavunjwa. Macho yanawasha, makohozi ya kijivu." Hayo tu. Mistari sita, na daktari wa mapafu akiisoma miaka 20 baadaye atajua pa kuanzia, hiyo mashine ya diski bila maji inamwambia silika, yaani vumbi laini la mawe na zege, hizo karatasi zenye nyuzi zinamwambia asbestosi.

Piga na picha, za eneo na zako mwenyewe ukiwa na lile vumbi mwilini. Picha ya simu inabeba tarehe na mara nyingi hata mahali, kwa hiyo usiihariri, itume kwako mwenyewe kwa barua pepe ibaki kama ilivyo. Na kama kuna karatasi ya mahudhurio ya waokoaji hakikisha jina lako limo, usione aibu kuuliza. New York pia, kwenye kuomba matibabu na fidia miaka mingi baadaye, watu walihitaji karatasi au mashahidi wa kuthibitisha kwamba kweli walikuwepo, na waliojitolea bila mwajiri ndio walipata shida zaidi.

Hatua ya 2: Vumbi liache hukohuko

Kitambaa na zile maski nyepesi za bluu za hospitali hazizuii vumbi laini, zinazuia matone ya mate. Inayotakiwa ni N95 au FFP2 angalau, na kwenye asbestosi ni FFP3 au P100. Na hata hiyo nzuri ikikaa vibaya ni bure, weka viganja juu yake puliza kwa nguvu, ukisikia hewa inatoka pembeni puani au mashavuni haijakaa. Ndevu zinaiharibu kabisa, samahani kwa wenye ndevu zao lakini ndio hivyo, kama kazi ni ya siku kadhaa nyoa. Halafu elewa kwamba maski ya vumbi haizuii gesi. Moshi wa jenereta ndani ya chumba utakuua na N95 yako usoni.

Kifusi kimwagiwe maji kabla ya kukatwa au kufagiwa. Ufagio mkavu unarudisha hewani kile kilichokuwa kimeshatua chini, na hapa wanaoumia sana ni wasafishaji, ambao wanakuja kamera zikiwa zimeshaondoka na hakuna anayewahesabu kama waokoaji.

Ukimaliza zamu, usiingie nyumbani ulivyo. Mimi sikulijua hili. Nilirudi nikakaa kwenye kochi, mtoto akaja kunikumbatia, nikamwacha, nilikuwa namuhitaji kwa kweli. Nilipooga yale maji yalitoka kichwani kijivu kama uji wa saruji, mara ya tatu ndio yakaanza kuwa meupe, na ndio nikawaza lile kumbatio. Fanya hivi: nguo na viatu vivuliwe nje, usizikung'ute, ziloweshe kwanza au zifunge kwenye mfuko, zifuliwe peke yake bila za familia. Oga kuanzia kichwani kushuka chini, pua isafishe kwa maji safi yaliyochemshwa na kupoa, sukutua mdomo kabla hujala chochote. Kwenye historia ya asbestosi kuna wake waliopata kansa ya utando wa mapafu bila kukanyaga kiwandani hata siku moja, walikuwa wanafua tu nguo za waume zao.

Hatua ya 3: Mambo yenye saa inayokimbia

Haya hayangoji, na ukiyakosa mwanzoni ndio yanageuka kuwa tatizo la maisha.

Kidonda chochote cha msumari, nondo, bati au tope: osha kwa maji mengi na sabuni halafu kachome sindano ya pepopunda kama ya mwisho imepita miaka 5 au hukumbuki. Kama damu ya mtu mwingine imekuingia kwenye kidonda au jichoni, dawa za PEP za kuzuia VVU zianze ndani ya saa 72, na mapema zaidi ndio bora, unazimeza siku 28 zote, na palepale uliza na chanjo ya homa ya ini B. Watu wanaona aibu wanasema mgonjwa alikuwa anaonekana mzima, tafadhali nenda tu.

Aliyebanwa na ukuta au nguzo kwa saa kadhaa, mkono au mguu, huyo hata akitolewa anaongea na kucheka apelekwe hospitali. Hili waganga walilielewa vizuri London mwaka 1941 wakati wa mabomu, watu wanatolewa wazima halafu siku chache baadaye figo zinagoma. Misuli iliyobanwa inaoza ndani kwa ndani, sumu yake inamwagika kwenye damu pale mzigo unapoondolewa, potasiamu inapanda moyo unaweza kusimama, na figo zinaziba. Angalia mkojo, ukiwa na rangi ya kahawa au unatoka kidogo sana hiyo ni dharura. Na usimpe diklofenaki wala ibuprofeni kwa maumivu, zinaongeza mzigo kwenye figo ambazo tayari zinahangaika. Aliyepona hapo bado arudi kupima figo baada ya miezi 3, nitalisema tena kwenye kalenda.

Aliyekuwa karibu na mlipuko apimwe masikio na macho hata kama anajiona sawa. Nairobi tarehe 7 Agosti 1998, ubalozi wa Marekani ulipolipuliwa, walikufa zaidi ya watu 200, na maelfu waliumia, wengi machoni, kwa sababu walisikia kishindo cha kwanza wakakimbilia dirishani kuangalia, mlipuko mkubwa ukawakuta uso kwenye kioo. Kipande kidogo cha kioo kinaweza kubaki ndani ya jicho na mtu anaona vizuri tu kwa muda. Mlio masikioni usioisha siku kadhaa, kuumwa kichwa, kusahau vitu, kukasirika hovyo, hayo yote muone daktari, ubongo unaweza kutikisika bila hata mkwaruzo usoni.

Aliyevuta moshi wa moto au wa jenereta akazimia, akazinduka, akaruhusiwa: mchunge wiki 6 zinazofuata. Kaboni monoksaidi ina tabia mbaya ya kurudi, mtu anaonekana kapona halafu kati ya siku 2 na 40 anaanza kupoteza kumbukumbu, kutembea ovyo, kubadilika tabia, na ndugu wanasema karogwa au kachanganyikiwa na msiba. Mrudisheni hospitali mkataje ule moshi.

Mafuriko nayo yana saa yake. Ukitembea kwenye maji machafu na vidonda miguuni, halafu ndani ya siku 2 mpaka 30 upate homa, kichwa, macho mekundu na misuli ya vigimbi vya miguu inayouma ukiigusa, mwambie daktari neno leptospirosisi, homa ya mgunda, ugonjwa wa mkojo wa panya. Inatibika kirahisi ikiwahiwa, ikichelewa inakula figo na ini. Nyumba iliyolowa ikiota ukungu ukutani usiipake rangi juu, toa kilicholowa, kausha, safisha ukiwa na maski, mwenye pumu asilale humo kwanza.

Kuhusu maiti, woga uliopo ni mkubwa kuliko hatari yenyewe. Miili ya watu waliokufa kwa kuporomokewa au kuzama kwa kawaida haileti milipuko ya magonjwa, hakuna haja ya kuwazika haraka kwenye shimo moja bila majina. Vaa glovu, nawa mikono, funika vidonda. Isipokuwa kama kifo chenyewe ni cha ugonjwa kama ebola au kipindupindu, hapo waachie wenye vifaa. Nalisema hili kwa sababu ndugu asiyemzika mtu wake kwa jina anabeba jeraha lingine miaka yote.

Hatua ya 4: Tafuta namba zako za mwanzo

Ndani ya mwezi mmoja nenda kapime hata kama huumwi. Nenda na lile daftari. Omba vitu hivi: kipimo cha kupuliza cha mapafu yaani spirometri, eksirei ya kifua, presha, sukari, damu ya figo na ini, mkojo, na kama ulikuwa kwenye mlipuko au mashine za kelele, kipimo cha masikio.

Spirometri haina maumivu. Unakaa wima, unabanwa pua, unavuta pumzi mpaka mwisho halafu unapuliza kwa nguvu zako zote kama unataka kupasua kitu, unaendelea sekunde 6 hivi mpaka uone nyota, na unarudia mara 3. Usipulize kwa aibu, ukipuliza nusunusu namba inakuwa ya uongo.

Sasa ukimaliza usikubali kuondoka na neno "kawaida". Omba karatasi yenye namba. Kawaida ni wigo mpana sana, mtu aliyekuwa na mapafu makubwa kwa sababu ya mazoezi anaweza kupoteza nusu lita nzima na bado akaandikiwa kawaida, wakati yeye mwenyewe anajua ngazi zimemshinda. Ni ile namba yako ya leo ukilinganisha na namba yako ya mwakani ndiyo inasema ukweli. Piga picha karatasi hiyo, iweke pamoja na daftari.

Kiungulia pia kitaje, wengi wanakisahau. Vumbi lile ukilivuta na kulimeza linachokoza koo na umio, New York kucheua asidi, pua zisizofunguka na pumu ya ukubwani vilitembea pamoja kwa mtu yuleyule, na asidi ikipanda usiku inazidisha kikohozi, kikohozi nacho kinazidisha asidi. Unaweza kutibu kifua miaka miwili bila nafuu kwa sababu tatizo la nusu liko tumboni.

Hatua ya 5: Kichwa na moyo, polepole

Hapa nataka kukaa kidogo kwa sababu ndipo tunapopoteza watu huku wakiwa na eksirei safi.

Wiki za mwanzo kutolala, kustuka mlango ukigongwa, kulia bila sababu, kusikia harufu ambayo haipo, kuona uso wa mtu uliyeshindwa kumtoa, hayo sio ugonjwa. Ni mwili na akili vimepita mahali pagumu na kwa wengi yanapungua yenyewe. Kinachosaidia kipindi hiki ni vitu vidogo: usalama, kulala, kula, kuwa na watu wako, kujua ndugu zako wako wapi, kupewa kazi ndogo ya kufanya. Ukiwa wewe ndio unamsaidia mtu, mtazame anahitaji nini, msikilize kwa kasi yake, muunganishe na anayeweza kumpa. Usimlazimishe kusimulia. Ule utaratibu wa kukusanya watu siku ya pili na kuwazungusha mmojammoja kila mtu aeleze alichokiona, kwa nia njema kabisa, Shirika la Afya Duniani haliushauri, kuna watu unawaumiza zaidi. Na vile vidonge vya usingizi kama diazepamu kwa ajili ya mshtuko wa mwezi wa kwanza navyo hawavishauri. Pombe ndio usiseme, inakulaza kwa muda wa saa 3 halafu inakuamsha na kila kitu.

Ukipita mwezi mmoja na bado, hapo tunaongea lugha nyingine. Jinamizi lilelile, kuzunguka barabara nyingine ili usipite pale, kukaa mgongo ukutani kila unapoingia mahali, kutojali tena watoto wako uliokuwa unawapenda, hasira inayolipuka kwa kijiko kilichoanguka. Hiyo ndiyo wanaiita PTSD, kiwewe kilichokaa, na inatibika hata ikiwa ya miaka 10. Tiba yenye ushahidi ni ya kuongea, lakini sio kuongea tu hovyo, unakaa na mtaalamu aliyefundishwa kutibu kiwewe mnarudi kwenye lile tukio kidogokidogo kwa mpangilio mpaka linakuwa kumbukumbu badala ya kuwa linatokea tena sasa hivi. Kuna na njia nyingine unasogeza macho kulia na kushoto wakati unalikumbuka, inaonekana kama mchezo lakini inasaidia wengi. Ukiuliza hospitali usiseme "nataka ushauri", sema "nataka tiba ya kiwewe".

Sonona nayo inakuja kimyakimya, hasa kwa waliopoteza nyumba au kazi, mtu halii, anakaa tu. Mawazo ya kujiua yakija, hata ya kupita, mwambie mtu mmoja leo na usikae peke yako usiku huo, nenda au upelekwe hospitali yoyote iliyo wazi. Kwa mwenzako muulize moja kwa moja, "unawaza kujiua?", kuuliza hakumpandikizii wazo, kunampa mlango.

Waokoaji tuna la kwetu la ziada, hatia. Yule ambaye sauti yake ilikuwa inasikika na ikanyamaza. Mimi nililibeba hilo miezi 8 nikijidai niko sawa, nikawa nachukua zamu za watu wengine ili nisikae bure. Kazi nyingi kuliko kawaida baada ya maafa ni dalili, viongozi wa vikosi mliangalie hilo, yule anayejitolea kila zamu msimsifie tu, mrudisheni nyumbani.

Watoto hawasemi, wanaonyesha. Aliyeacha kukojoa kitandani anaanza tena, anang'ang'ania nguo yako, anacheza mchezo wa nyumba kuanguka mara mia. Mwache acheze, mjibu maswali kwa ukweli mfupi, mrudishe shule mapema inavyowezekana, na zile video za tukio zizimwe nyumbani. Ikizidi mwezi au akiacha kula na kuongea, tafuta msaada.

Na jiandae na tarehe. Kila mwaka siku ileile ikikaribia mwili unakumbuka hata kama kalenda hujaiangalia, usipange kazi ngumu wiki hiyo.

Dawa za kila siku, lisisahaulike

Mwenye presha, sukari, kifafa, TB, pumu au anayetumia ARV, kukatika kwa dawa baada ya maafa kunaumiza kama maafa yenyewe. Fukushima, Japani, baada ya ajali ya nyuklia ya 2011, waliohamishwa walipimwa miaka iliyofuata wakakutwa uzito, presha na sukari vimepanda, maisha ya kukaa kambini bila kutembea na chakula cha kubahatisha. Piga picha pakiti za dawa zako zote leo zikae kwenye simu, na ukifika kambini siku ya kwanza jitaje, usingoje uanguke.

Kalenda ya miaka

Mwezi wa 3: rudia figo na mkojo kama ulibanwa, na spirometri kama unakohoa au pumzi fupi. Kama ulichomwa na kitu chenye ncha au damu ya mtu mwingine ilikuingia, kamilisha vipimo vya VVU na homa ya ini.

Mwaka wa 1 na kila mwaka: spirometri tena kwenye kituo kilekile ikiwezekana, presha, sukari, uzito, na maswali ya usingizi na hofu. Aliyevuta vumbi la saruji na mawe akikohoa wiki 2 apimwe TB, silika inailegeza kinga ya mapafu na TB inapenda mapafu ya namna hiyo, miaka mingi hata baada ya kuacha kazi. Sigara acha. Sisemi kama mahubiri, asbestosi na sigara zikikutana hatari ya kansa ya mapafu inapanda kupita kiasi cha kila moja ikiwa peke yake.

Kansa zina muda wake. Mpango wa afya wa Marekani kwa waathirika wa kifusi cha New York unahesabu angalau miaka 4 kwa kansa nyingi za viungo, 11 kwa ile ya utando wa mapafu, za damu zinaweza kuanza ndani ya miezi, na asbestosi kwa ujumla inachukua miaka 20 mpaka 40. Ndio maana mpango ule Marekani waliuongeza mpaka mwaka 2090. Na kwa zimamoto, mwaka 2022 kazi yenyewe ya kuzima moto iliwekwa rasmi kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha kansa kwa binadamu, kwa hiyo kama ndio kazi yako usikubali kuambiwa ni wasiwasi wako.

Kwenye ajali za nyuklia ni tofauti kidogo, baada ya Chernobyl 1986 watoto waliokunywa maziwa yenye iodini ya mionzi walipata kansa ya tezi ya shingo, zaidi ya 6,000 mpaka kufika 2005, kwa bahati wengi walitibika. Vidonge vya iodini vinasaidia tezi hiyo tu na vinamezwa kwa maelekezo, kabla au mara baada ya mionzi kufika, sio mwezi mmoja baadaye. Waliovuta gesi ya kiwandani, kama wale wa Bhopal, India, 1984, wafuatiliwe mapafu na macho maisha yote.

Ukiwa mbele ya daktari

Daktari ana dakika 10 na foleni nje. Usianze na kikohozi, anza na maafa: "Mwezi fulani mwaka fulani nilikaa siku 4 kwenye kifusi, nilivuta vumbi la saruji bila maski, kabla ya hapo nilikuwa sina shida ya kifua, sasa nina hiki na hiki. Naomba iandikwe kwenye faili langu." Hiyo sentensi ya mwisho ndiyo yenye thamani, manake faili linabaki hata daktari akihama. Omba nakala.

Kama maafa yako yalitokea zamani na hukuandika kitu, bado hujachelewa. Fungua picha za zamani za simu, tafuta meseji ulizotuma wiki ile, uliza kazini kama kuna orodha ya zamu. Mimi daftari langu nililitengeneza mwaka mmoja na nusu baadaye, nikiwa na wenzangu wawili tuliokuwa upande uleule wa jengo, tukakaa mchana mzima kila mmoja anamkumbusha mwenzake, mmoja akasema ile mashine ya kukatia ilikuwa siku ya pili sio ya tatu, mwingine akatoa picha nikaona maski yangu inaning'inia shingoni. Tukaandika nakala 3, tukasaini wote, kila mtu akaondoka na yake. Wapigie uliokuwa nao wiki hii, kabla namba zao hazijabadilika.